Maji ya Mulele Yalipofika Bukavu

Tarehe 19 Agosti 1964 Wasimba, waasi wa mashariki ya Kongo, waliingia Bukavu. Habari yao ilikuwa imetangulia, na habari hiyo ndiyo iliyokuwa imekwisha kuiangusha miji mingine: Uvira mwezi wa Mei, Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwezi wa Juni, Kindu mwezi wa Julai, na Stanleyville, Kisangani ya leo, mwanzoni mwa Agosti. Watu walisema vijana hawa hawapigwi risasi. Walikuja wima katikati ya barabara, wengi wao wakiwa na mikuki na mapanga tu, wengine wameshika matawi, wakiita kwa sauti moja: Mayi Mulele! Mayi Lumumba! Mahali pengi askari wa serikali waliposikia wito huo walivua sare, wakatupa bunduki, wakakimbia. Kuna miji iliyotekwa hivyo, karibu bila vita.

Mengi yameandikwa juu ya mayi hayo, yaani maji ya kukinga risasi, kwa kicheko, hasa na wageni waliokuja na bunduki za kukodiwa. Mimi sioni cha kuchekwa. Maelfu ya vijana wa Kivu na Maniema walitembea kuelekea kwenye bunduki za rashasha kwa sababu ya maji yale, na wengi hawakurudi kwa mama zao. Tukitaka kujua kwa nini walikwenda, tuyaangalie maji yenyewe: yalitoka wapi, yalitolewa vipi, na yaliwadai nini waliomwagiwa.

Bukavu imejengwa juu ya rasi zinazoingia Ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Wabelgiji waliiita Costermansville mpaka miaka ya 1950, wakajenga nyumba za kifahari kando ya maji, lakini ardhi ni ya Bushi, nchi ya Washi na wafalme wao wa jadi (mwami, kwa wingi bami). Kabla ya misioni, Washi walimjua Mungu mmoja mkuu, Nyamuzinda, jina ambalo hata Kanisa lilikuja kulichukua. Chini yake walikuwapo wazimu, yaani roho za wazee waliotangulia, na juu ya wazimu wote alisimama Lyangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati na ambaye roho yake iliendelea kuwalinda waliotiwa katika ibada yake. Ibada ya Lyangombe ilivuka mipaka: Rwanda wanamwita Ryangombe, na Burundi wanamjua kwa jina la Kiranga. Aliyetiwa ndani alikuwa na ndugu wapya, maneno ya siri na miiko ya kushika. Mashariki ya Kongo, miiko ni mizee kuliko bunduki.

Upande wa msitu, Shabunda na Mwenga, Warega walikuwa na Bwami, chama cha wenye hekima kilichopanda ngazi kwa ngazi, na wavulana walipelekwa jandoni chini ya sauti ya roho iitwayo Kimbilikiti. Serikali ya kikoloni iliiogopa Bwami kiasi cha kuipiga marufuku mwaka 1948. Ilikuwa na sababu ya kuogopa dini za wenyeji. Mwaka 1931, hapo hapo Bushi, alitokea nabii aliyeitwa Binji-Binji, akasema kwa jina la Lyangombe kwamba utawala wa Wazungu umefika mwisho, na serikali ikalazimika kuizima harakati yake kwa nguvu. Mwaka 1944 wafuasi wa dini ya Kitawala waliasi katika nchi ya Masisi na Lubutu. Kwa hiyo mtu aliyesimama mwaka 1964 akasema mizimu inapigana upande wetu hakuwa analeta jambo geni. Wazee waliomsikiliza walikuwa wamelisikia tangu utoto.

Na neno lenyewe, maji, lina historia ndefu katika lugha yetu. Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka huo huo, lakini vita vyake viliendelea mpaka 1907. Sidai kwamba dawa ya Kinjikitile ilisafiri mpaka Kivu. Nasema tu kwamba kila mahali mnyonge alipokabiliwa na bunduki asiyoweza kuinunua, amekwenda kwa mtu ajuaye mambo ya roho kumwomba kinga. Kaskazini mwa Uganda, mwaka 1986, Alice Lakwena naye aliwapaka wapiganaji wake mafuta na kuwapa amri nyingi za kushika. Walifika karibu na Jinja kabla ya kuvunjwa mwaka uliofuata.

Pierre Mulele, ambaye jina lake liliitwa juu ya maji yale, hakuwahi kuongoza vita vya Kivu. Alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba, akaenda China kujifunza vita vya msituni, akarudi kwao Kwilu, magharibi ya mbali, na kuanzisha maasi mnamo Januari 1964. Mashariki maasi yaliongozwa na watu wengine. Gaston Soumialot alitumwa Bujumbura mwanzoni mwa mwaka huo, na kutoka hapo moto uliwashwa katika bonde la Ruzizi, kwa Wafulero. Wafulero walikuwa na ugomvi wao wa muda mrefu na mwami wao pamoja na serikali ya jimbo, na walikuwa na kiongozi aliyejua maneno ya kuwainua, Musa Marandura. Mwezi wa Aprili waliinuka. Tarehe 15 Mei Uvira ikaanguka. Jina la Mulele lilikuwa limefika kabla ya mtu yeyote kumwona Mulele, na kwa watu wengi lilikuwa limekwisha kuwa jina la nguvu, kama jina la Lumumba aliyeuawa Januari 1961.

Sasa tuangalie namna kijana alivyotiwa dawa.

Aliletwa mbele ya mganga, ambaye wapiganaji wengi walimwita dokta. Katika jeshi la Nicolas Olenga, mtu wa Maniema aliyepanda kutoka kijana asiyejulikana hadi jenerali kwa miezi michache, mganga aliyesifika kuliko wote alikuwa mwanamke mtu mzima, Mama Onema. Kijana alichanjwa kwa wembe, chale ndogo za kutoa damu kidogo, kifuani au kwenye paji la uso, na juu ya chale ikasuguliwa unga mweusi. Kisha akanyunyiziwa maji. Akaambiwa: tangu sasa wewe si mtu wa jana, wewe ni Simba. Risasi ikikujia itageuka maji. Halafu akasomewa sheria.

Hizo sheria ndizo ninazotaka msomaji azitazame kwa makini. Asiibe. Asimguse mwanamke. Asimpe mkono mtu asiyetiwa dawa, wala asiguswe naye. Asile chakula kilichopikwa na mwanamke aliye katika siku zake. Vitani aende mbele moja kwa moja, asigeuke kulia wala kushoto, asitazame nyuma, asijifiche nyuma ya mti wala jiwe. Na juu ya yote, asiogope. Akivunja mojawapo, dawa imekufa ndani yake, na atakufa nayo. Mwanahistoria Mbelgiji Benoît Verhaegen, aliyekusanya nyaraka za maasi yale katika vitabu viwili vya mwaka 1966 na 1969, aliona wazi kwamba sheria hizo zilifanya kazi ya jeshi zima. Jeshi la kawaida lina mshahara, mahakama na magereza. Wasimba hawakuwa na hata kimoja cha hivyo. Walikuwa na miiko. Kijana wa miaka 16 mwenye panga, asiyelipwa, akipita katika kijiji chenye mbuzi na wasichana, alizuiwa na kitu kimoja tu: hofu ya kuipoteza dawa yake. Palipokuwa na dokta mkali, kijiji kililala salama. Alipotoweka, au sheria zilipolegea, ndipo yakaja mauaji, na mauaji yalikuja mengi. Stanleyville wasomi, makarani na watu waliodhaniwa kuwa wa serikali waliuawa hadharani. Siwezi kuwasifu Wasimba huku nikisahau hayo.

Kuhusu risasi kugeuka maji, upo ukweli ambao haukuhitaji muujiza. Jeshi la taifa lilikuwa dhaifu tangu maasi ya askari ya Julai 1960. Halikulipwa vizuri, halikupendwa na raia, na askari wake walizaliwa katika vijiji kama vile walikozaliwa Wasimba, wakilelewa na bibi kama wale, wenye hirizi. Askari aliyeona mtu anamjia wima, haogopi, hainami, alipiga hewani au hakupiga kabisa. Mtu akifika hai mpaka kwenye bunduki yako, umekwisha kuamini. Kila mji ulioanguka hivyo ulikuwa ushahidi mpya, na dawa ikawa inakula ushahidi wake na kunenepa.

Ndipo wakafika Bukavu.

Mji ulikuwa mikononi mwa Kanali Léonard Mulamba. Hakukimbia, na hilo peke yake lilikuwa jambo jipya mwaka ule. Olenga mwenyewe aliongoza mashambulizi. Wapiganaji wake waliingia ndani ya mji, wakashika sehemu zake, na kwa siku mbili tatu watu wa Bukavu walijifungia ndani wakisikiliza milio bila kujua asubuhi wataamka chini ya nani. Upande wa Mulamba walisimama pia wapiganaji wa Mwami wa Kabare. Washi hawakuwa na hamu na maasi haya. Waliyaona kuwa ni ya watu wa Maniema na ya Wafulero, yanakuja kuwatawala, na mwami, ambaye kwa desturi ndiye anayeshika amani kati ya walio hai na wazimu wa nchi, alikuwa upande wa pili. Hapo nadhani ndipo siri ya Bukavu ilipo. Katika miji mingine maji ya Mulele yalikutana na askari waliokuwa wageni mahali pale. Bukavu yalikutana na nchi yenye mizimu yake, na mizimu hiyo haikuwa imealikwa.

Wasimba walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Miili ilibaki barabarani mtu yeyote aione, na kila aliyeiona alijua kwamba risasi ilikuwa risasi. Ndio uliokuwa mji mkubwa wa kwanza kuwashinda. Mulamba akawa shujaa wa taifa. Baada ya Mobutu kutwaa madaraka Novemba 1965 alifanywa waziri mkuu, akaishika kazi hiyo mpaka Oktoba 1966.

Je, walionusurika waliacha kuamini? La. Kila sheria ya dawa ilikuwa mlango wa kutokea. Aliyekufa aliogopa. Au aliiba kuku njiani. Au aligeuka nyuma. Maiti haiwezi kujitetea, na dokta alibaki na heshima yake. Hili naliona kuwa ndilo jambo baya kuliko yote katika habari nzima: kijana alikufa mara mbili, mara ya kwanza kwa risasi, mara ya pili kwa jina lake kuchafuliwa mbele ya wenzake.

Mtu mmoja maarufu alilitazama jambo hili kwa karibu akalieleza katika daftari lake. Tarehe 24 Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, katika nchi ya Fizi, pamoja na Wakuba wachache weusi. Baadaye walizidi 100. Majina yao ya siri yalikuwa ya Kiswahili: kamanda Dreke aliitwa Moja, na Che mwenyewe akaitwa Tatu. Aliwakuta wapiganaji wa Laurent Kabila wakimtegemea muganga kuliko ofisa yeyote. Aliandika jinsi mpiganaji anavyomwagiwa maji ya mitishamba na kutiwa alama ya mkaa kwenye paji la uso. Alitambua pia, kwa wasiwasi, kwamba kila kifo kilikuwa na maelezo tayari: hofu, wizi au mwanamke. Mwishoni mwa Juni waliposhambulia kituo cha umeme cha Bendera na kushindwa, na Wakuba wanne wakafa, wapiganaji walimlaumu muganga kwamba dawa yake ni mbovu. Lakini hawakuacha kuiamini dawa. Walitaka muganga mwingine. Che aliondoka Novemba mwaka huo, amechoka na amekonda, na kwa maneno yake mwenyewe habari yake ya Kongo ni habari ya kushindwa.

Mulele alidanganywa kwa ahadi ya msamaha, akarudi Kinshasa na kuuawa Oktoba 1968. Maji yake hayakufa naye.

Yalirudi katika miaka ya 1990, kwanza Kivu ya Kaskazini wakati wa vita vya Masisi mwaka 1993, kisha kila mahali. Jina sasa lilikuwa Mayi-Mayi. Vita vilifika Bukavu pia, na mji ukaangushwa mwishoni mwa Oktoba 1996. Tarehe 29 mwezi huo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akipaza sauti dhidi ya vita, aliuawa barabarani mjini. Mwezi wa Agosti 1998 vita vya waasi wa RCD vikaanza, na tarehe 24 mwezi huo huo, huko Kasika katika Mwenga, baada ya Mayi-Mayi kuwavizia askari wa RCD, raia kwa mamia waliuawa, pamoja na padri, masista na Mwami wa Lwindi, François Mubeza. Kumwua mwami kwa watu wa huku si kumwua kiongozi wa serikali tu. Ni kumwondoa aliyefungamanisha ardhi na wazee walio chini yake. Baada ya Kasika vijana wengi hawakuhitaji kushawishiwa kwenda msituni.

Nyuma ya msitu wa Kahuzi-Biega, huko Bunyakiri, Padiri Bulenda alijenga jeshi la Mayi-Mayi lililosifika kuliko yote ya Kivu ya Kusini, na madokta walirudi kukaa mbele ya safu. Chale zile zile, maji yale yale, sheria zile zile. Lakini jambo moja liliongezeka, nalo ndilo linalonitia uchungu. Katika makundi mengi, kwa kuwa dawa ilimtaka mtu asiyemjua mwanamke, iliwekwa mikononi mwa watoto. Mvulana wa miaka 9 au 10 alibeba chupa, akawanyunyizia wapiganaji maji, akatembea mbele yao. Usafi wake ndio uliomfanya afae. Mtoto aliyepaswa kuwa anasoma alipewa kulinda maisha ya watu wazima, na walipokufa aliweza kuambiwa kwamba ni yeye aliyeharibu. Hakuna mila ya Bushi, ya Urega wala ya Utembo niijuayo inayompa mtoto mzigo huo. Mila zetu zilimpeleka mtoto jandoni ili akue, na wazee wakasimama mbele yake. Vita vilimgeuza ngao ya wazee.

Hapo inafaa kutenganisha watu wawili ambao mara nyingi huchanganywa. Yupo mufumu, mganga wa kila siku, yule wa Kadutu au wa kijijini Walungu, anayempokea mwanamke asiyezaa, anayetafuta mzizi wa ndoto mbaya, anayemtibu anayeamini amelishwa karuho, ile sumu ya polepole inayoogopwa sana Bukavu. Kazi yake ni kurudisha watu kwa wenzao. Na yupo dokta wa vita, ambaye kazi yake ni kuwaondoa watu hofu ya kufa. Wa kwanza alikuwapo kabla ya vita. Wa pili ni mtoto wa vita. Mapadri na wachungaji wanaowalaani wote kwa pumzi moja hawawatendei haki wale wa kwanza.

Na mipaka kati ya dini haikuwa migumu kama inavyohubiriwa mimbarini. Mwaka 2005, Shabunda, waasi wa FDLR walipoua raia, aliyeanzisha kundi la kujilinda alikuwa mhubiri wa Kanisa la Kimbangu, Jean Musumbu. Kundi liliitwa Raia Mutomboki, yaani raia waliokasirika, na lilikuwa na dawa yake pamoja na miiko yake. Mwaka 2011 jeshi la serikali lilipoondoa vikosi vyake Shabunda ili kuvipanga upya, kundi lilifufuka na kuenea kwa kasi mpaka Kalehe, Mwenga na Walungu. Dawa ilipitishwa kutoka kijiji hadi kijiji, na kila kijiji kilichoipokea kikawa na kundi lake. Palipokosekana serikali, maji yalijaza nafasi, kama yalivyofanya Uvira mwaka 1964.

Makubaliano ya amani ya Pretoria ya Desemba 2002 yaliwatambua Mayi-Mayi kama upande kamili, na Padiri akawa jenerali katika jeshi jipya la taifa. Madokta na wale watoto wa chupa hawakutajwa. Wengine walirudi nyumbani na chale zao, wakiwa wamefundishwa kwamba hawapaswi kuguswa.

Februari 2025 Bukavu iliingiwa tena, safari hii na waasi wa M23, na katika vilima vinavyouzunguka mji wapiganaji wanaoitwa Wazalendo bado wanachanjwa na kumwagiwa maji.

Kijana aliyekuwa na miaka 18 barabarani Bukavu mwaka 1964, upande wowote ule, ana miaka 80 au karibu nayo. Mengi yaliyoandikwa juu ya siku zile yameandikwa kwa lugha za kigeni, na waandishi ambao hawakuwahi kuchanjwa. Kama nyumbani kwenu, Bagira, Kadutu, Ibanda au Uvira, yupo mzee mwenye alama ndogo nyeusi kifuani ambaye hajawahi kusema zilitoka wapi, keti naye jioni hii. Mwulize kwa upole, na uandike kwa lugha atakayojibu.